Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa presha aondoke kliniki akiwa ameelewa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya.

Nakala kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la siri, wala si la kijiji chetu peke yake. Ninaomba kumweleza mgonjwa wa presha ugonjwa wake, mpaka yeye mwenyewe aweze kuueleza kwa maneno yake, kuhesabiwe kuwa ni sehemu ya tiba. Kutengewe muda, na awepo mtu wa kuulizwa pale ambapo hakukufanyika. Kwa sasa jambo hilo limeachwa liwe hisani ya muuguzi mwenye moyo, siku akipata nafasi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima, mkazi wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wengi hapa niliwafundisha wao au wazazi wao, kwa hiyo wameendelea kuniletea karatasi zao niwasomee: barua za mahakama, fomu za mirathi, mikataba ya mikopo. Miaka hii zinazoongoza ni kadi za kliniki ya presha. Mtu anakaa barazani, anafungua pindo la khanga alikoifunga kadi, ananiuliza, "Mwalimu, hapa wameandika nini?"

Huwa wameandika namba mbili zilizotengwa na mkwaju, 172/104 au 168/98, jina la dawa kwa mwandiko wa haraka, na tarehe ya kurudi. Kwenye bahasha ya dawa kumeandikwa 1x1. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba presha ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo siku tofauti, ni kubwa na inahitaji kushughulikiwa. Hapajaandikwa anatakiwa afike ngapi. Hapajaandikwa kwamba vidonge vya siku 30 vikiisha tiba haijaisha. Kadi imeandikwa na mtaalamu ili isomwe na mtaalamu mwenzake, na mwenye ugonjwa ni mbebaji tu.

Matokeo yake ninayaona kila mara. Bibi jirani yangu alimaliza vidonge vyake, akajisikia mzima, akaiweka kadi sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake, kama kitu kilichokwisha kazi. Kwa akili yake alikuwa sahihi kabisa, maana malaria ndivyo inavyotibiwa: unameza dozi, unapona, unaendelea na shamba. Hakuna aliyemwambia kwamba huu ni ugonjwa wa namna nyingine. Yupo mzee anayemeza dawa siku kichwa kinapomuuma tu. Yupo mwingine anayemeza siku mbili kabla ya kliniki ili "asome vizuri" na asigombezwe. Daktari anaona 138, anafurahi, wakati siku nyingine zote za mwezi mzee yule anatembea na 180. Wapo mume na mke wanaogawana pakiti moja kwa kuwa wote "wana presha". Hawa si watu wakaidi, Mheshimiwa. Kila mmoja anafanya kile ambacho kingekuwa cha busara kama anachokijua ndicho kingekuwa ukweli wote.

Presha ni ugonjwa unaoweza kukaa na mtu miaka bila kumuuma popote, huku moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo vikiharibika. Kwa ugonjwa wa aina hii mwili haumkumbushi mtu dawa, kinachomkumbusha ni anachokijua. Ndiyo maana uelewa, kwa mgonjwa wa presha, unafanya kazi ambayo kwa mgonjwa wa jino inafanywa na maumivu yenyewe.

Serikali ina takwimu za kutosha kuhusu ukubwa wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya juu. Ni kama mtu mmoja katika kila wanne. Sisi wa Hai tulipimwa hata kabla ya hapo. Utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na hapa kwetu, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba katika wale wenye presha ya juu hawakufika asilimia 20 waliojua kuwa wanayo. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama asilimia 10. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata asilimia moja. Kisha kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wakazunguka Hai na Dar es Salaam wakihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takriban 316. Hiyo ya Dar es Salaam ni kati ya idadi kubwa zaidi zilizowahi kupatikana duniani kwa njia hiyo ya kuhesabu.

Mtu anaweza kusema hizo ni habari za zamani, siku hizi mashine za kupimia zimejaa. Ni kweli, zimejaa. Kila tarehe 17 Mei, Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani, mahema yanafungwa viwanjani na watu wanapimwa bure. Ninaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Lakini kupimwa peke yake kunafikisha wapi? Dar es Salaam watafiti waliwahi kuwapima watu, wakawaambia wana presha ya juu na kuwashauri waende hospitali, kisha wakawafuatilia kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa 2008: kiasi cha theluthi moja tu ndio waliowahi kwenda kumwona mtaalamu walau mara moja, na waliokuwa bado kwenye dawa mwaka ulipoisha walikuwa wachache sana. Watu walipewa namba, wakarudi nayo nyumbani. Kama hema la Mei linatoa namba bila maelezo, mwakani tutampima mtu yuleyule, tuandike namba ileile, na kwenye ripoti ahesabiwe tena kuwa amefikiwa.

Naomba nieleweke hapa: sizungumzii kujua kusoma na kuandika. Sensa ya 2022 imeonyesha kwamba zaidi ya Watanzania wanane katika kila kumi wanajua kusoma na kuandika, nasi tulioshika chaki miaka ile tunajivunia. Kusoma kunasaidia. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwauliza wagonjwa wa hospitali za umma kama 160/100 ni presha kubwa. Katika wale waliokuwa na uwezo mzuri wa kusoma maandishi ya hospitali, asilimia 92 walijua ni kubwa. Katika wale wa uwezo mdogo kabisa, ni asilimia 55. Pengo hilo ni kubwa. Lakini barazani kwangu anakuja pia mtumishi mstaafu mwenye shahada yake, anayesoma gazeti kila siku, ambaye amekataa kuanza dawa kwa sababu anaamini ukizianza ndiyo umefungwa maisha. Anaona dawa ndiyo inayomfanya mtu kuwa mgonjwa wa kudumu, kumbe ugonjwa ndio wa kudumu na dawa inauzuia kumfikisha kwenye kiharusi. Shahada yake haikumfundisha hilo, na kliniki alikopimwa hakuulizwa kwa nini hakuchukua dawa. Iliandikwa tu kwamba amekataa.

Mambo wanayoogopa watu yanajulikana, na yana majibu. Wanawake wawili hapa jirani waliacha amlodipini kwa sababu miguu ilivimba kwenye vifundo. Kuvimba huko ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa; wao walidhani figo zimekufa, wakanyamaza. Dawa ya kukojosha inarukwa siku ya gulio, siku ya msiba, siku ya kusafiri kwenda Moshi mjini, kwa kuwa hakuna anayetaka kuomba daladala isimame njiani. Angeambiwa tu azungumze na daktari kuhusu saa inayomfaa kuimeza, tatizo lingekwisha. Wapo waliohamia kwenye kitunguu saumu na unga wa mlonge, kwa kuwa anayeuza mlonge sokoni anakaa na mteja nusu saa akimsikiliza, na kliniki haina hata dakika tano.

Kuna jambo ambalo wanaume hawalisemi mbele ya foleni, nami nitalisema kwa niaba yao. Wanaogopa kwamba dawa za presha zinawamaliza nguvu za kiume. Minong'ono hiyo inaanzia kijiweni na kuishia kwenye kadi zilizotelekezwa. Ukweli ni kwamba presha yenyewe isiyotibiwa inaharibu mishipa, na mishipa hiyo ndiyo inayohusika. Ni kweli pia kwamba baadhi ya dawa zinaweza kuleta shida hiyo kwa baadhi ya watu, na zipo nyingine za kubadilishia. Mwanaume akiambiwa mambo hayo mawili pamoja, faraghani, na mtu asiyecheka, anabaki kwenye tiba. Akijibiwa "hayo ni maneno ya mtaani tu", anaondoka na hatarudi, maana rafiki yake aliyepata shida hiyo anamjua kwa jina.

Kuna na habari ya mawazo. Muulize yeyote hapa kwetu presha inaletwa na nini, atakwambia mawazo: mtoto mlevi, kesi ya kihamba (shamba la ukoo), deni. Hofu na hasira zinapandisha presha kwa muda, hilo si uongo. Lakini mtu akiamini kwamba chanzo ni mawazo tu, tiba yake inakuwa kusamehe na kusali, na mawazo yakitulia anaona amepona. Umri, urithi wa ukoo, unene, pombe, sigara, kukaa bila kuushughulisha mwili, ugonjwa wa figo na chumvi havimo kabisa kwenye hesabu yake.

Na kwenye hiyo chumvi, Mheshimiwa, ndipo ninapoona jinsi elimu tunayotoa inavyopita juu ya vichwa vya watu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha chumvi yote iliyo kwenye chakula cha siku nzima. Kliniki mzee anaambiwa, "Punguza chumvi." Anaitikia. Lakini mzee huyo hajawahi kushika mwiko! Anayepika ni mkewe au mkwe wake, ambaye hakuwepo chumbani na hakuambiwa lolote. Kisha chungu chenyewe: huku kwetu kiburu, chakula chetu cha ndizi, na maharage vinapikwa kwa magadi ili vilainike upesi. Magadi yamejaa sodiamu, kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi na kinachopandisha presha. Mama anaweza kuacha kutia chumvi kwa moyo mmoja, akaendelea kutia magadi kwa sababu kwa ufahamu wake magadi ni kitu kingine kabisa. Bango la Wizara lina picha ya kichupa cha chumvi cha mezani, na kijijini kwetu chumvi haikai mezani. Elimu ya afya ya Hai ingeanzia kwenye kipande cha magadi, ya Kigoma ingeanzia kwenye samaki waliotiwa chumvi, na ya mijini kwenye viungo vya pakiti na chumvi anayomwagiwa mtu pembeni ya chipsi na nyama choma.

Haya yanawezekana, kwa sababu nchi hii iliwahi kuyafanya. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi takriban 75,000 walifunzwa, na watu kama milioni mbili walishiriki, wakikutana kuzunguka redio, wakisikiliza kipindi, wakisoma kijitabu pamoja, kisha wakijadili wafanye nini hapohapo walipo. Waliokuwa hawajui kusoma walikaa na waliojua. Kikao hakikufungwa mpaka kikundi kimeamua jambo: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka nyasi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwamba hakuna aliyehesabiwa ameelimishwa kwa kuwa alikuwepo. Ilitazamwa kama amelielewa neno hadi akalitenda. Wizara yako imeirejesha kampeni hiyo mwaka 2024, na nilipolisikia jina lake redioni nilifurahi sana. Naomba presha iingie ndani yake kwa utaratibu uleule wa vikundi. Vikundi vipo: VICOBA vya kuweka na kukopa, jumuiya ndogondogo, madrasa za akina mama, vyama vya ushirika wa kahawa, vijiwe vya bodaboda.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa 2024 umelenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000. Hawa ndio ninaowategemea zaidi, kwa sababu wanaingia majumbani, wanaona chungu, wanaona na pakiti ya dawa imebaki na vidonge vingapi. Wapewe mashine na wafundishwe kupima sawasawa: mtu apumzike dakika tano amekaa, mgongo umeegemea, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na mkanda uwe wa saizi ya mkono wake. Mtu aliyepanda kilima kutoka mtoni akapimwa hapohapo amesimama anapewa namba isiyo yake.

Kliniki naomba jambo moja tu kubwa: kabla mgonjwa hajaondoka, muuguzi amwombe aeleze kwa maneno yake ana ugonjwa gani, atakunywa dawa vipi, na zikiisha atafanya nini. Asipoweza, aelezwe tena. Kazi hiyo inachukua dakika chache na haihitaji mtambo. Ninajua wauguzi wetu wameelemewa. Nimeona mmoja akihudumia benchi zima tangu asubuhi hajanywa chai. Ndiyo maana siwaandikii wao, ninakuandikia wewe mwenye uwezo wa kuongeza watumishi na kubadili ratiba. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu badala ya kurudishwa kila mwezi kwa ajili ya kidonge kilekile. Foleni itapungua, na muda utakaobaki utumike kuwaeleza wapya. Aalikwe aje na anayempikia. Kadi iwe na mstari wa Kiswahili unaosema lengo lako ni chini ya ngapi, na bahasha iandikwe "kimoja kila siku asubuhi, usiache hata ukijisikia vizuri" badala ya 1x1.

Wajawazito nao wasisahauliwe. Kliniki ya mama na mtoto ndipo mwanamke kijana anapopimwa presha kwa mara ya kwanza maishani. Aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito ana hatari kubwa zaidi ya kupata presha ya juu miaka ya mbele, lakini akishajifungua anabaki na kadi ya mtoto, na kuhusu yeye mwenyewe hakuna anayemwambia neno.

Halafu dawa ziwepo. Kumwelimisha mtu kisha akute zahanati haina dawa ni kumfundisha kutotuamini. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waliahidiwa matibabu bila malipo tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na bado ninawaona wakitumwa dukani na karatasi mkononi. Mzee aliyeelewa vizuri umuhimu wa dawa na hana hela ya kuinunua anateseka zaidi ya asiyejua.

Mwisho ninaomba hesabu zibadilike. Halmashauri zinaripoti watu wangapi wamepimwa. Ziripoti pia wangapi, kati ya wale walioandikishwa, presha yao iko chini ya 140/90 leo, na wangapi wamepotea kliniki na kwa sababu gani. Namba hiyo ikisomwa kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka, diwani wa kata yetu atakuwa na la kuuliza, nasi wananchi tutakuwa na la kumuuliza yeye.

Ninamwomba Mheshimiwa atume ofisa wake siku ya kliniki ya presha katika zahanati yoyote atakayoichagua mwenyewe, bila kutoa taarifa. Akae nje, karibu na dirisha la dawa, awaulize wanaotoka maswali mawili: presha yako leo ni ngapi, na ilitakiwa iwe ngapi? Aandike majibu kama yalivyo. Majibu hayo yatolewe hadharani, nasi wa Hai tuko tayari kuanziwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima,
Wilaya ya Hai, Kilimanjaro.